Spinachi kwenye baridi ya milimani: lini upande, upande vipi, ukiwa Kapchorwa, Kabale, Kisoro na huko kwingine kwa sweta

Mimi naishi Kapchorwa, Uganda, kwenye Mlima Elgon, upande wa juu kidogo, kule ambako saa moja jioni kila mtu ameshavaa sweta na mama wa jirani ameshawasha jiko la makaa. Watu wakipita hapa nyumbani wakiona mboga zangu swali ni lile lile, hii umepanda lini, na mbona yako inakubali na yetu inakataa. Nimejibu mara nyingi mpaka nimechoka so wacha niandike yote mara moja, atakayeuliza nitamtumia hii.

Wacha nianze na aibu yangu. Paketi ya kwanza niliyonunua ilikuwa na ile kalenda ndogo nyuma, ya rangi, ikisema mwaga mbegu mwezi wa tatu mpaka wa tano, halafu tena wa nane na wa tisa. Nikafuata kama sheria. Tarehe za mwanzo za mwezi wa tatu nikamwaga paketi nzima, mvua ikanyesha siku mbili nikafurahi, halafu ikapotea karibu wiki tatu jua likawaka kweli kweli, vilivyokuwa vimeota vikakauka kama tumbaku. Baadaye ndio nikaelewa kwamba ile kalenda imeandikwa kwa ajili ya Ulaya. Kule wanakimbia vitu viwili, baridi ya barafu na zile siku ndefu za kiangazi chao. Mwezi wa sita London mchana unapita masaa kumi na sita, na spinachi ikiona mchana umevuka kama masaa kumi na nne inajua muda wa kuzaa umefika, inarusha shina la maua juu na majani yanakuwa machungu. Ndio maana wanapanda mapema au wanangoja kiangazi kipite.

Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wetu ni masaa kumi na mbili hivi mwaka mzima, mwezi wa sita na wa kumi na mbili hakuna tofauti ya maana. So hiyo shida ya siku ndefu hatuna, na barafu hatuna. Kinachotusumbua sisi ni jua kali la saa saba, ukame, mvua ya mawe, na ile mvua ya kila siku inayoozesha. Kalenda yako ni mvua na mwinuko wa pale unapoishi, ile ya nyuma ya paketi achana nayo.

Kwanza ujue una spinachi gani mkononi

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na mimi nilipotea. Ile tunayoita spinachi sokoni, yenye majani makubwa yanayong'aa na bua jeupe nene katikati, sio spinachi hasa. Jina lake ni Swiss chard, na ukoo wake ni mmoja na bitiruti, yaani ni bitiruti iliyofugwa kwa ajili ya majani badala ya mzizi. Kwenye kopo la mbegu mara nyingi utakuta limeandikwa Fordhook Giant, ama Lucullus. Spinachi yenyewe halisi ni mmea mdogo, majani laini, bua jembamba, unakaa chini karibu na udongo, ndio ile wanauza Kampala kwenye supamaketi ndani ya paketi za plastiki kwa bei ya kushangaza. Mbegu zake utaona majina kama Bloomsdale, Viroflay, Matador. Humu nitasema spinachi kubwa na spinachi ndogo tuelewane. (Nderema nayo kuna watu wanaiita spinachi, ile inayopanda juu ya ua, lakini hiyo ni ya joto, iachie watu wa chini.)

Tofauti inakuja kwenye uvumilivu. Kubwa inastahimili, jua ikija inalala kidogo mchana na jioni inaamka, na ukiitunza inakulisha miezi mingi. Inahitaji wiki nyingi za baridi kweli ndio itoe maua, na baridi hiyo huku kwetu haipatikani kirahisi, kwa hiyo inabaki inatoa majani tu. Ndogo ni ya deko. Inapenda nyuzi 15 mpaka 20 hivi, joto likizidi mbegu zinagoma kuota, na ikiona shida yoyote, ukame ama msongamano ama joto, inakimbilia maua hata bila siku ndefu. Faida yake ni kwamba inakuwa tayari haraka, siku 40 mpaka 50, na utamu wake ni mwingine kabisa.

Kama uko juu ya mita 1,800, yaani Kapchorwa, Bukwo, Kabale, Kisoro, unaweza kupanda zote mbili bila wasiwasi mkubwa. Kama uko kwenye mita 1,500 hivi, tuseme Fort Portal ama Zombo, kubwa itakubali vizuri, ndogo ipande kwenye miezi ya mawingu na uitafutie kivuli cha mchana. Kampala kule kwenye mita 1,200 hivi mimi nisingejisumbua na ndogo, pandeni kubwa, ama mle doodo (mchicha) na nakati, mboga za kienyeji ambazo ni zenu na hazina maringo.

Lini sasa

Huku kwetu Elgon mvua zinaanza mwisho wa mwezi wa tatu ama wa nne na zinaendelea kwa vipindi mpaka wa kumi, wa kumi na moja, halafu wa kumi na mbili mpaka wa pili ni ukame. Sheria niliyojiwekea baada ya ile aibu: sikimbilii mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza ni ya kulimia, nalima, naweka mbolea, naua magugu, nangoja. Nikiona imenyesha vizuri wiki mbili, na nikichimba kwa kidole udongo umelowa mpaka chini, ndio natoa mbegu. Mara nyingi hiyo inaniangukia katikati ya mwezi wa nne.

Lakini kama ungeniambia nichague mara moja tu kwa mwaka ningechagua mwisho wa mwezi wa tisa na wa kumi, hasa kwa ile ndogo. Inaota na mvua, halafu inapokomaa mvua imepungua, majani hayakai na maji siku nzima, ukungu unapungua, ile mvua ya mawe inayotoboa majani kama risasi nayo imepungua. Unamalizia na jerikani za maji mwezi wa kumi na mbili na unakula majani safi wakati wa Krismasi. Na kama una maji ya bomba ama chemchemi iko karibu, usiogope ukame wa mwezi wa kwanza. Usiku bado ni baridi, magonjwa hakuna, ni kazi ya kubeba maji tu.

Watu wa Kabale na Kisoro nyinyi mna mvua mara mbili, mwezi wa tatu mpaka wa tano na wa tisa mpaka wa kumi na moja hivi kuingia wa kumi na mbili. Kwa hiyo katikati ya wa tatu na katikati ya wa tisa ndio milango yenu, na wa sita na wa saba ni kumwagilia. Ule ukungu wenu wa asubuhi unaojaa bondeni mpaka saa nne ni mzuri kwa ubaridi ila majani yanachelewa kukauka, so panda juu kidogo ya bonde, sio pale chini kabisa.

Halafu kitu muhimu kuliko tarehe: usipande yote siku moja. Kwa spinachi ndogo napanda mstari wa mita mbili, baada ya wiki mbili mwingine, baada ya wiki mbili mwingine. Ukimwaga paketi nzima siku moja utakula spinachi mpaka watoto wagome, halafu wiki tatu zinazofuata unaenda sokoni kununua kama mtu asiye na bustani. Kubwa haina haja ya hivyo, mara mbili kwa mwaka yatosha. Sisi tuko watu saba nyumbani na miche kumi na tano ya kubwa inatutosha, inabaki na ya jirani.

Mahali na udongo, hapa usiwe mvivu

Tafuta pahali panapopata jua la asubuhi masaa manne mpaka sita, na kama kuna kivuli cha saa saba na saa nane, cha mgomba au cha nyumba, ni baraka. Ila usijibanze chini kabisa ya mgomba ama katikati ya kahawa, ile mizizi itakunywa maji yote na wewe utabaki unalaumu mbegu.

Kama uko kwenye mteremko, na sisi karibu wote tuko kwenye mteremko, matuta yapite kukata mteremko, yasishuke nao. Mvua moja ya mwezi wa nane inaweza kubeba mbegu, mbolea na udongo ikampelekea jirani wa chini bure. Ukienda Kigezi, yaani huko Kabale na Kisoro, uone vile vilima vilivyokatwa ngazi ngazi utaelewa wazee walikuwa wanafikiria nini.

Tuta liwe na upana wa mita moja, manake mkono wako unafika katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga juu. Urefu ni wewe. Wakati wa mvua liinue sentimita 15 mpaka 20 ili maji yasisimame, wakati wa ukame fanya kinyume, lishushe kidogo liwe kama karai linalokusanya maji. Chimba jembe zima kwenda chini, sentimita 25 hadi 30, spinachi ndogo ina mzizi unaoshuka wima na ukikutana na udongo mgumu mmea unadumaa. Toa mawe, na toa mizizi ya lumbugu yote hata kale kadogo, hiyo nyasi ukiacha kipande kimoja unarudi kuikuta ukoo mzima.

Mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita moja ya mraba. Iliyooza ni ile ukiishika haina joto, hainuki, inamwagika kama udongo mweusi, miezi mitatu hivi tangu ulundike. Ya kuku ni kali, weka nusu ya hiyo na iwe imekaa. Nilishawahi kuweka ya kuku mbichi nikijiona nina akili, miche ikaungua kingo za majani kama imepitishwa motoni.

Sasa asidi. Hiki ndicho kinachoua spinachi nyingi milimani na watu hawajui. Mvua nyingi inaosha chokaa kwenye udongo, miaka ikipita udongo unakuwa mchachu, na spinachi zote mbili hazipendi udongo mchachu kabisa, zinataka ule wa kati, pH 6.5 mpaka 7.5. Mahindi na viazi hapo hapo vitakubali, kwa hiyo mtu anasema udongo wangu ni mzuri, tatizo ni mbegu. Dalili yake ni kwamba mbegu inaota vizuri, inatoa majani mawili matatu, halafu inasimama. Haifi, haikui, inakuwa njano njano. Ukiona pia ile mimea ya majani kama manyoya, yaani kangaga za porini (fern), inajiotea yenyewe hapo, shuku asidi.

Dawa ya bei rahisi ni majivu ya kuni. Mikono miwili iliyojaa kwa mita moja ya mraba, unatawanya unachanganya na udongo, mara moja kwa msimu inatosha, ukizidisha unaharibu upande mwingine. Chokaa ya shamba ni bora zaidi kama unaipata, ila ile uweke mwezi mmoja au miwili kabla. Na majivu usiyachanganye siku moja na mbolea mbichi ama yurea ya dukani, vikikutana ile nitrojeni inageuka hewa inakwenda zake, harufu unayosikia ndio pesa yako inapaa. Weka majivu, ngoja wiki mbili, ndio mbolea.

Kupanda spinachi ndogo

Hii haipendi kuhamishwa, ipande pale pale itakapokulia. Mbegu loweka kwenye maji ya kawaida usiku mmoja, asubuhi chuja, kama una haraka zifunge kwenye kitambaa kibichi siku mbili mahali pa baridi mpaka uone vijino vyeupe. Kabla ya yote hayo fanya jaribio, mbegu kumi kwenye tishu mbichi ndani ya sahani umefunika, wiki moja baadaye zikiota saba au nane panda kawaida, zikiota nne panda mara mbili yake, zikiota moja rudisha dukani ukagombane. Mbegu ya spinachi inazeeka haraka, mwaka wa pili wa tatu imeanza kuchoka, na ukikuta duka kopo limewekwa dirishani jua linalipiga kutwa hata kama tarehe haijapita mimi sinunui. Kuna duka moja liliniuzia hivyo, kati ya mbegu kumi hakuna hata moja iliyoamka, na mwenyewe ananiambia ni baridi ya kwenu.

Chora mistari kwa kijiti, sentimita 30 kutoka mstari mpaka mstari, kina cha sentimita moja na nusu, kama urefu wa ukucha wa dole gumba. Dondosha mbegu moja kila sentimita mbili tatu. Funika, gandamiza kwa kiganja ili mbegu ishikane na udongo, mwagilia kwa maji ya matone madogo. Kama huna ile keni ya kumwagilia, chukua kopo kuukuu utoboe matundu kwa msumari mwembamba. Tandaza nyasi kavu nyembamba juu, na kuanzia siku ya sita uchungulie kila asubuhi, zikianza kutoka toa nyasi jioni hiyo hiyo, ukichelewa miche inarefuka inakuwa mieupe kama uzi. Huku kwetu inachukua siku saba mpaka kumi, kukiwa na baridi sana inafika kumi na nne, usikimbilie kufukua.

Zikifika majani mawili ya kweli (yale ya kwanza membamba hayahesabiki) punguza, acha moja kila sentimita 8 mpaka 10. Najua inauma kung'oa kitu ulichopanda. Ng'oa. Zikibanana zinashindana, zikishindana zinakimbilia maua, utavuna mabua. Na zile ulizong'oa osha ule, ndio tamu kuliko zote.

Kupanda spinachi kubwa

Hii unaweza kuanza na kitalu. Kile unachokiona kama mbegu moja, kile kinundu chenye kona kona, ndani yake kuna mbegu mbili tatu zimeshikana, so usishangae ukiona miche mitatu inatoka shimo moja, acha mmoja wenye nguvu. Loweka usiku mmoja, panda kitaluni mistari ya sentimita 15, kina sentimita moja na nusu mpaka mbili.

Baada ya wiki nne hivi, ikiwa na majani manne matano, hamisha. Jioni, au siku ya mawingu, sio saa sita mchana halafu unashangaa imelala. Mwagilia kitalu saa moja kabla, ng'oa na udongo wake, shimo kwa shimo sentimita 30, mstari kwa mstari 40. Usizike moyo wa mche, yaani pale katikati majani mapya yanapotoka pabaki juu ya udongo, ukipafunika panaoza. Kama huna ardhi hata kidogo, gunia lililojazwa udongo na mbolea, katikati umepitisha nguzo ya mawe madogo ya kushusha maji, linabeba spinachi kubwa juu na pembeni. Beseni bovu nalo ni sawa likiwa na kina cha sentimita 30 na matundu chini.

Maji, magugu na kuongezea chakula

Hesabu ya maji ni rahisi ukitumia jerikani. Jerikani moja ya lita 20 kwenye mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 20. Spinachi inataka kama milimita 25 kwa wiki, kwa hiyo wiki isiyo na mvua weka jerikani moja na robo kwa kila mita, usiimwage siku moja, gawanya mara tatu. Asubuhi ni bora kuliko jioni huku milimani, majani yakilala na maji kwenye baridi ukungu unakuja wenyewe. Mwaga chini kwenye udongo, majani hayanywi.

Magugu palilia kwa mkono ama kijembe kidogo, juu juu, mizizi iko karibu. Miche ikishakuwa na urefu wa kiganja rudisha zile nyasi kavu katikati ya mistari, zinatunza unyevu na mvua ikipiga udongo haurukii majani, na jikoni utanishukuru manake kuosha mchanga kwenye spinachi ni adhabu.

Wiki tatu baada ya kuota au kuhamisha ongeza chakula. Wenye mbolea ya dukani, yurea vifuniko viwili vya soda kwa mita moja ya mraba, nyunyizia katikati ya mistari mbali kidogo na shina, changanya na udongo, mwagilia hapo hapo. Isiguse majani. Mimi natumia zaidi maji ya mbolea ya ng'ombe, nalaza kwenye pipa wiki mbili nikikoroga, nachuja, kikombe kimoja kwa vitatu vya maji, namwaga kwenye udongo, sio kwenye jani ninalokwenda kula. Usizidishe nitrojeni, majani yanakuwa makubwa malaini yanayoita vidukari kutoka kijiji cha pili.

Wanaokula kabla yako

Kuku ndio adui namba moja, tusidanganyane. Kuku mmoja dakika kumi anamaliza kitalu. Weka ua wa matete ama wavu kabla hujapanda. Mbuzi nao hivyo hivyo.

Sota ni yule kiwavi mnene wa rangi ya udongo anayekata mche usiku pale chini, asubuhi unaukuta umelala kama umekatwa na wembe. Fukua pale pale kuzunguka mche, kina cha vidole viwili, utamkuta amejikunja. Njia ninayoamini ni kukata chupa ya plastiki vipande kama pete unavika mche, robo moja imezama. Konokono wa mvua nawatafuta na tochi saa tatu usiku, ndoo ya maji ya chumvi mkononi. Watu wanasema majivu, ndiyo yanafanya kazi, mpaka mvua inyeshe.

Ukiona mistari myeupe inajizungusha ndani ya jani kama ramani, huyo ni funza mchimba majani, yuko katikati ya ngozi mbili za jani na dawa haimfikii kirahisi. Chuma jani hilo uchome ama ulizike mbali, usilitupe kwenye lundo la mboji. Vidukari vikijaa chini ya majani, sabuni ya maji isiyo kali, kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, nyunyiza upande wa chini jioni, kesho suuza. Sabuni ya unga ya kufulia itaunguza.

Magonjwa matatu utayaona. Miche inayooza shingoni na kuanguka ni kinyausi, inatoka kwa maji mengi na msongamano, hakuna kutibu, ni kupunguza maji na kupanda kwa nafasi. Madoa ya duara yenye ukingo wa zambarau kwenye kubwa, chuma majani hayo mapema, mengine yatapona. Kwenye ndogo ni ukungu, juu ya jani njano, geuza chini unakuta vumbi la kijivu lenye uzambarau, huo ukianza kipindi cha mvua vuna haraka kilicho kizima na ung'oe kilichobaki. Dawa za kupulizia mimi sipendi kwenye mboga ya majani, tunakula jani lenyewe. Kama umelazimika, soma kwenye lebo siku za kungoja kabla ya kuvuna na uzingoje kweli, hata kama mgeni amefika.

Kuvuna na sufuria

Spinachi kubwa anza kuchuma ikiwa na siku 50 hadi 60. Majani ya nje tu, shika bua chini kabisa, pinda pembeni, linakatika lenyewe. Acha matano sita ya ndani yaendelee kufanya kazi. Kila wiki hivyo hivyo, na usiliache jani likazeeka eti likue, linakuwa gumu na mmea unapunguza kasi. Ndogo unaweza kuchuma moja moja ama kukata yote kwa kisu sentimita nne juu ya udongo, itachipua tena, mara mbili mpaka tatu. Ukiona majani mapya yanakuwa na ncha kama mshale na katikati kuna shina linapanda, imeshaamua kutoa maua, hakuna cha kuibembeleza, kata yote ule leo. Chuma asubuhi kabla jua halijapanda, jani likichumwa mchana linalala kwenye kapu kabla hujafika jikoni.

Ya kupika sitawafundisha, kila mtu na mama yake. Ila bua la ile kubwa likate pembeni uliweke sufuriani kwanza dakika tatu nne, majani baadaye, na chuma nyingi kuliko unavyodhani kwa sababu beseni zima linageuka bakuli. Na binyebwa (mchuzi wa karanga) na posho (ugali) kwenye baridi hii sijui mtu anataka nini tena. Mwenye shida ya mawe kwenye figo asile kila siku, spinachi zote zina ile asidi ya oksaliki nyingi, ukiichemsha na kumwaga maji yale inapungua.

Ikiisha usirudishe spinachi pale pale, na usiweke bitiruti wala doodo, hao wote ni familia moja na wanaugua magonjwa ya kufanana. Weka maharage, au vitunguu, ukae misimu miwili mitatu ndio urudi. Mbegu zilizobaki funga kwenye karatasi, ziweke ndani ya chupa kavu yenye kifuniko pamoja na kijiko cha mchele mkavu wa kunyonya unyevu, mbali na jiko, na uandike mwaka juu yake kwa kalamu isiyofutika. Mimi yangu iko chini ya kitanda.